Baba Ana Presha ya Kupanda, Mbona Wanampandishia?

MASWALI YA WASOMAJI
Anajibu muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi, Dodoma

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu ana miaka 61 na ana presha ya kupanda tangu mimi niko shule ya msingi. Juzi asubuhi alianguka soko la Majengo akiwa anapanga magunia ya karanga. Kijana wa duka la jirani alimkandamiza kifua mpaka gari likapatikana, na huko hospitali wakamshtua moyo kwa umeme, mapigo yakarudi. Sasa yuko ICU, anapumulia mashine, hajafungua macho. Kinachotugombanisha ni hiki: nesi ametuambia kuna dawa inaingia kwa pampu, ya kupandisha presha. Baba mdogo akawaka. Anasema mtu wa presha ukimpandishia presha si unampasua mishipa ya kichwa? Amekwenda nyumbani akaleta vidonge vya baba vya kushusha presha, amlodipini, anataka apewe kwa mpira wa puani. Mama naye anataka apewe maji ya kitunguu saumu. Kwenye skrini nimeona 96/54, na pembeni kwenye mabano 68. Nyumbani baba alikuwa anapima 150/90 mara nyingi. Nani yuko sahihi? Na hiyo namba ya kwenye mabano ni ya nini?
Binti wa Ipagala

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana na mzee. Ujumbe wako ulipoingia nilikujibu kwa kifupi kwenye simu: vidonge asipewe, kitunguu saumu asipewe, dawa ya pampu iachwe ifanye kazi yake. Leo naeleza kwa urefu, maana ugomvi kama wa baba yako mdogo nakutana nao mlangoni pa wodi kila mara, na una msingi wake. Miaka yote huyu mtu amesikia kliniki kwamba presha ya kaka yake lazima ishuke. Leo anaona wahudumu walewale wanaipandisha, na hakuna aliyemkalisha akamweleza nini kimebadilika. Hapo sisi watu wa hospitali tunadaiwa maelezo.

Kilichobadilika ni kwamba moyo ulisimama, na uliposimama ubongo ulikosa damu. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote, wala hauna akiba ya kujihifadhia. Zikipita dakika 4 hadi 6 bila damu, seli zake zinaanza kufa. Ndiyo maana yule kijana wa dukani alifanya jambo kubwa kuliko anavyojua: mikono yake ndiyo iliyokuwa inapeleka damu kichwani kwa mzee wakati moyo umelala. Mtafuteni mumshukuru.

Watu wengi wanaamini mapigo yakisharudi, hatari imepita. Saa zinazofuata ndizo zinazotutoa jasho. Moyo ulioshtuliwa unakuwa dhaifu, unasukuma kwa unyonge kwa siku mbili tatu. Mishipa ya mwili mzima nayo inalegea, karibu sawa na tunavyoona kwa mgonjwa mwenye maambukizi makali ya damu. Vyote viwili vinaangusha presha. Na ubongo wenyewe, ambao umeshaumia, kwa saa nyingi unapokea damu kidogo kuliko kawaida. Presha ikiporomoka katika saa hizo, ubongo unaumia kwa mara ya pili, mgonjwa akiwa yuko mbele yetu kitandani. Jeraha hilo la pili ndilo tunalopigana nalo kwa ile pampu.

Kuna jambo jingine ambalo baba mdogo akilielewa atatulia. Kwa mtu mwenye afya, mishipa ya ubongo inajirekebisha: presha ikishuka inatanuka, ikipanda inajibana, na damu inayopita inabaki karibu ileile. Moyo ukishasimama, kwa wagonjwa wengi uwezo huo unaharibika kwa muda, na damu ya kichwani inafuata presha tu, ikishuka nayo inashuka. Halafu mtu aliyeishi na presha ya kupanda miaka mingi, mishipa yake imekuwa migumu na imezoea kusukumiwa kwa nguvu. Wewe wa Ipagala unayajua maji ya mgao: siku yanapokuja bila presha, bomba la uani linatoa, tenki la juu halipati hata tone. Kwa mzee wako, kichwa ndilo tenki la juu. Kiwango cha presha ambacho kingemtosha kijana wa miaka 25 huenda yeye kisimtoshe.

Sasa ile namba ya mabano. Ni presha ya wastani, na kwa mgonjwa kama baba yako ndiyo tunayoiangalia kuliko zile mbili kubwa. Unaweza kuikadiria mwenyewe: chukua namba ya chini uizidishe mara mbili, jumlisha na ya juu, gawanya kwa tatu. Kwa 96/54 unapata 68. Miongozo ya kimataifa inasema baada ya moyo kurudi presha ya wastani isiachwe kushuka chini ya 65. Kwa hiyo mzee wako alikuwa juu ya sakafu, lakini kwa kijinafasi kidogo sana. Na ukikokotoa ile 150/90 ya nyumbani, utaona alizoea kuishi na 110. Umeona tofauti? Mgonjwa wa namna hiyo, daktari anaweza kuamua apandishwe hadi 75 au 80, akiangalia mkojo, rangi na joto la ngozi, na kipimo cha damu kinachoonyesha kama viungo vinapata oksijeni ya kutosha.

Utaniuliza, kama kupandisha ni kuzuri, kwa nini wasimpeleke mpaka juu kabisa? Swali hilo limefanyiwa utafiti. Mwaka 2022 yalitoka matokeo kutoka Denmark, hospitali mbili za Copenhagen na Odense, wagonjwa 789 waliosimamiwa baada ya moyo kusimama nje ya hospitali. Nusu walilengwa presha ya wastani ya 63, nusu 77. Baada ya siku 90 waliofariki au kuruhusiwa wakiwa na ulemavu mkubwa wa ubongo walikuwa asilimia 34 kundi moja na 32 kundi jingine, tofauti isiyo na uzito. Kabla ya hapo, mwaka 2019, Wabelgiji walijaribu kupandisha hadi kati ya 85 na 100. Oksijeni ya ubongoni ilipanda, lakini kipimo cha MRI, kinachopiga picha ya ndani ya ubongo, hakikuonyesha ubongo uliopona vizuri zaidi. Kwa hiyo hatumpandishii kila mtu kwa kubahatisha. Presha kubwa mno inaulemea moyo ambao bado mchovu, na kama chanzo cha kuanguka kilikuwa damu kuvuja kichwani, hesabu inabadilika kabisa. Mimi maoni yangu, baada ya kukaa na wagonjwa hawa, ni kwamba ugomvi wa 65 au 80 ni wa madaktari bingwa, wacha waendelee nao. Sisi wauguzi kazi yetu ni kuhakikisha mgonjwa hazami chini ya sakafu hata kwa dakika tano za uzembe.

Na dakika tano hizo zinapatikana kirahisi kuliko mnavyofikiri mkiwa nje. Dawa inayopandisha presha, mara nyingi noradrenalini, inaingia kidogo kidogo kutoka kwenye bomba la sindano lililopachikwa kwenye pampu. Nguvu yake mwilini inakwisha ndani ya dakika chache. Bomba likiisha na muuguzi akaanza kutafuta jingine muda huo, presha inaanguka kabla hajafungua pakiti. Kwa hiyo bomba la pili linatayarishwa mapema, linaandikwa jina na saa, linakaa tayari kabla la kwanza halijafika mwisho. Umeme ukikatika, jicho linakwenda kwanza kwenye taa ya betri ya pampu.

Kuna kitu kingine umekiona bila kukijua. Kama mzee ana kimrija chembamba kwenye kifundo cha mkono, hicho kinapima presha ndani ya mshipa kila pigo. Kimeunganishwa na kifaa kidogo kilichofungwa kwenye nguzo pembeni ya kitanda. Kifaa hicho lazima kiwe usawa mmoja na moyo wa mgonjwa. Kitanda kikiinuliwa na kifaa kikabaki chini, skrini inasoma presha kubwa kuliko iliyopo, na wote mnafurahia namba ya uongo. Ndugu wenye mapenzi mema wanainua kitanda ili baba “akae vizuri”. Naomba msiguse kitanda bila kumwita nesi.

Utamwona nesi akiinama kutazama mfuko wa mkojo kila saa. Usidhani anapoteza muda. Figo zikipata damu ya kutosha zinatoa angalau nusu mililita ya mkojo kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Mzee wa kilo 70 namtafutia mililita 35. Akitoa 10 kwa saa mbili mfululizo, hata kama skrini imeandika 68, namwita daktari.

Kuhusu amlodipini ya baba mdogo: itarudi siku yake, ikitolewa na daktari. Kwa sasa ingeshindana na dawa ya pampu, na kidonge hicho kinakaa mwilini zaidi ya siku nzima, hakitolewi kikishaingia. Kitunguu saumu nacho kinaweza kushusha presha kidogo na kuongeza kuvuja damu kwa mtu aliyepewa dawa za kuyeyusha au kuzuia damu kuganda, ambazo wagonjwa wa moyo wanapewa. Mama asijisikie amekosea, alitaka kusaidia. Mwambieni kazi yake kubwa ni kuzungumza na mzee, ashike mkono, amtajie watoto kwa majina. Na blanketi lile zito mlilomletea, ombeni ruhusa kwanza. Joto la mwili likipita 37.5 ubongo uliojeruhiwa unateseka zaidi, ndiyo maana mnamkuta amefunikwa shuka jepesi hata Julai upepo wa Dodoma ukivuma.

Hajafungua macho siku ya pili: msikate tamaa na msikubali mtu yeyote awatolee hukumu mapema. Madaktari wanasubiri angalau saa 72 tangu mapigo yarudi, na dawa za usingizi ziwe zimetoka mwilini, ndipo wanapima kwa njia zaidi ya moja uwezekano wa ubongo kupona. Binti huyu aliniandikia tena kuwa baba alifungua macho siku ya nne na akageuka aliposikia sauti ya mkewe. Si wote wanaofika hapo, na siwezi kumwahidi mtu. Lakini nimewaona waliokatiwa tamaa na majirani siku ya kwanza wakitoka wodini wakitembea.

Mkienda kuonana na daktari, muulizeni maswali mawili tu: lengo la presha ya wastani kwa mzee wetu ni ngapi, na ni kwa saa ngapi jana alikuwa chini yake. Daktari anayejua kazi yake atajibu bila kukasirika.

SWALI: Dada, habari za kazi. Mume wangu, miaka 54, moyo wake ulisimama mwezi wa tatu, akakaa hospitali wiki kadhaa, sasa tuko naye nyumbani Kibaigwa. Kapewa dawa za moyo na presha, bisoprololi na enalaprili, na nyingine za kutoa maji mwilini. Presha yake sasa ni 104/66 na zamani ilikuwa juu. Akisimama asubuhi anapepesuka. Jirani yetu anasema presha imeshuka mno, ubongo utakufa, aache dawa. Pia anasahau, ananiuliza jambo lilelile mara tatu, na hasira zimekuwa karibu. Chakula chake ni ugali wa uwele na mlenda, hataki kingine.
Mke wa mfanyabiashara wa mahindi

JIBU: Nzuri dada, hongera kwa kumfikisha nyumbani. Asiache dawa. Hizo hazikutolewa kwa ajili ya presha peke yake, zinaukinga moyo dhaifu usisimame tena, na moyo ukisimama tena ubongo ndio utakaolipa. Fanya ile hesabu niliyompa binti wa Ipagala: 104/66 inatoa presha ya wastani ya 79. Hiyo inafika kichwani vizuri kwa mtu aliye macho, anayekula na kukojoa.

Kupepesuka ndiko kunakonihangaisha. Mpime akiwa amelala, kisha asimame, mpime tena ndani ya dakika 1 hadi 3. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, andika kwenye daftari pamoja na saa aliyomeza kila kidonge, mpeleke kliniki na daftari hilo. Daktari anaweza kupunguza dawa ya kutoa maji, au kuhamishia kidonge kimoja usiku, bila kuondoa kinga. Wakati huo akiamka akae ukingoni mwa kitanda kwanza, miguu chini, ndipo asimame. Namba ya juu ikiwa chini ya 90 na anaona giza, au amezimia, au kifua kinauma, usisubiri siku ya kliniki.

Upimaji wenyewe wengi wanaukosea. Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu bila kupishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara nusu saa iliyopita. Pima mara mbili kwa kuachanisha dakika moja, andika zote.

Mlenda si tatizo, tatizo ni kilichomo. Magadi yanayolainisha mlenda ni sodiamu, kama chumvi ilivyo sodiamu, na watu wanahesabu chumvi tu. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, kwa kila kitu alichokula. Upike bila magadi, au kwa kiasi kidogo sana, uongeze karanga zilizotwangwa na nyanya. Na mgongo ukimuuma baada ya kunyanyua magunia, diklofenaki ya dukani asiiguse, inapandisha presha, inabakiza maji mwilini na kuumiza figo kwa mtu anayetumia enalaprili.

Kusahau na hasira: karibu nusu ya walionusurika baada ya moyo kusimama wanabaki na shida ya kumbukumbu, umakini au mwenendo, hata wanaoonekana wazima. Hafanyi makusudi. Wengi wanapata nafuu kubwa miezi ya kwanza. Dawa zake ziwe kwenye kisanduku chenye siku za wiki, na hesabu za mahindi msimamie pamoja kwa sasa, maana huko ndiko mtu wa biashara anakoumia bila kusema. Mwambie daktari kuhusu hayo pia, wagonjwa wengi wanaulizwa kifua tu.

SWALI: Mimi ni tabibu kituo cha afya, barabara ya Singida, zaidi ya kilomita 100 kutoka Dodoma mjini. Tulimrudisha mama mmoja kwa kukandamiza kifua na adrenalini, dawa ya kuamsha moyo. Mwanzoni presha ilikuwa 170/100, tukafurahi. Baada ya nusu saa 78/40. Hatuna noradrenalini wala mashine ya kupumulia. Nifanye nini gari likiwa njiani?
Tabibu, Manyoni

JIBU: Hongera mwenzangu, kumrudisha mtu mkiwa wachache hivyo ni kazi ya mikono iliyofunzwa. Ile 170 ilikuwa ya adrenalini mliyompa, na inaisha. Baada ya hapo pima kila dakika 5, usiamini namba ya kwanza. Kwa 78/40 presha ya wastani ni 53, yuko chini ya sakafu, anza kumtibu pale pale kabla ya safari. Mpe maji ya dripu kidogo kidogo, mililita 250, kisha sikiliza mapafu kabla ya kuongeza, kwa sababu moyo mchovu unaweza kuyarudisha kifuani. Presha isipoitikia, piga simu hospitali ya rufaa uombe maelekezo ya kutumia adrenalini uliyonayo kwa dripu, kwa kipimo watakachokupa, na uandike kipimo hicho kwenye karatasi ya rufaa.

Kama unampulizia hewa kwa puto la kubana kwa mkono, kumbuka pumzi 10 kwa dakika. Mtu akiogopa anapuliza 25, 30. Kupuliza haraka kunabana mishipa ya ubongo na kuzuia damu kurudi moyoni, presha inaanguka zaidi huku unadhani unasaidia. Mpe mtu mmoja saa ya mkononi ahesabu kwa sauti. Oksijeni ikishasomeka vizuri kidoleni, ilenge kati ya asilimia 94 na 98. Pima sukari, kwa sababu sukari ikishuka ubongo unakosa chakula hata damu ikifika. Hakikisha kichwa kimeinuliwa kidogo kama presha inaruhusu, na gari likifika panda nalo wewe mwenyewe au mpandishe muuguzi anayejua kupima, pamoja na mashine ya presha na betri za akiba.